Mwanafunzi Kando ya Kitanda cha Mgonjwa Wako



Lawama moja hutufikia sisi wauguzi wa chumba cha dharura karibu kila wiki. Familia imemleta mgonjwa wake kwa bodaboda au kwa gari la kukodi, imeingia na hofu yake, na mtu wa kwanza kumsogelea mgonjwa ni kijana mwenye koti jeupe jipya na daftari dogo mfukoni. Ndipo mama au shangazi wa mgonjwa humvuta muuguzi pembeni na kumnong'oneza: "Sista, kwani daktari mkubwa hayupo? Huyu si bado anasoma?"

Swali hilo ni la haki, na ninyi mnaoliuliza hamkosei. Mwezi huu napenda kulijibu kwa kirefu, maana linagusa kila nyumba ambayo iko siku itampeleka mtu wake hospitali usiku. Maoni yangu, baada ya miaka mingi ya zamu, ni haya: mwanafunzi anapaswa kuwepo pale, lakini asiwepo peke yake. Chumba cha dharura ni darasa zuri sana pale mwalimu anapokuwepo na kufundisha kidogo kidogo, jambo moja kwa wakati, mgonjwa akiwa mbele yao. Mwalimu asipokuwepo, hapo hakuna darasa. Ni kumkabidhi usukani mtu asiyeijua njia, na abiria wamo garini.

KWA NINI WAFUNDISHWE PALE PALE?

Wapo wanaosema kwamba wanafunzi wasome vitabu vyao hadi wamalize, kisha ndipo waje kwa wagonjwa. Udaktari haujifunzwi hivyo. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari William Osler, mzaliwa wa Kanada, aliwatoa wanafunzi wake darasani na kuwapeleka kando ya vitanda vya wagonjwa katika mji wa Baltimore, Marekani. Hata leo hatujapata njia iliyo bora kuliko hiyo. Kitabu kitamwambia kijana kwamba mtoto mwenye nimonia hupumua haraka na kifua chake huingia ndani. Lakini mpaka amfunue mtoto nguo, atulie, ahesabu pumzi kwa dakika nzima, na aone kwa macho yake ngozi ya chini ya mbavu inavyovutwa ndani, bado hajaijua nimonia.

Hapa kwetu Tanzania jambo hili ni changa kuliko watu wengi wanavyodhani. Idara ya tiba ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili, ambayo ni ya kwanza ya aina yake nchini, ilifunguliwa mwaka 2010. Mwaka huo huo yalianza mafunzo ya madaktari bingwa wa tiba ya dharura katika Chuo Kikuu cha Muhimbili, na wa kwanza wao walihitimu mwaka 2013. Kabla ya hapo nchi haikuwa na chuo kinachomfundisha daktari ubingwa wa kazi hiyo. Hospitali za misheni nazo zimebeba sehemu yake katika kuwafunza vijana. Bugando, kule Mwanza, ilifunguliwa mwaka 1971, na tangu mwaka 2003 kando yake kipo chuo cha udaktari ambacho sasa ni chuo kikuu.

Mabingwa hao bado ni wachache. Katika hospitali nyingi za wilaya na za misheni, atakayempokea mgonjwa wako saa nane za usiku ni tabibu, daktari kijana au muuguzi aliyemaliza masomo juzi juzi. Kwa hiyo swali letu lisiwe kama wanafunzi wawepo au wasiwepo. Tuulize: wanafundishwaje?

MGONJWA KWANZA, SOMO BAADAYE

Wenzangu wengine husema kwamba foleni ikiwa ndefu hakuna nafasi ya kufundisha. Nawaelewa, kwa kuwa nami nazijua siku hizo ambapo mabenchi yote yamejaa na machela zimepangwa hadi kwenye korido. Lakini tukingoja siku tulivu ndipo tufundishe, hatutafundisha kamwe. Yatupasa kujua ni somo gani linamfaa mgonjwa yupi.

Katika vyumba vingi vya dharura siku hizi, wagonjwa hupangwa mlangoni kwa uzito wa hali zao, na uzito huo huonyeshwa kwa rangi. Nyekundu ni mahututi, asiyeweza kungoja hata kidogo. Njano ni mgonjwa sana, lakini anaweza kungoja kwa muda mfupi akiangaliwa. Kijani ni yule ambaye kungoja hakutamdhuru. Naona rangi hizo zitusaidie pia kupanga masomo.

Kwa mgonjwa mwekundu, mwanafunzi apewe kazi moja tu iliyo wazi: kushika oksijeni, kuhesabu mapigo, au kuandika saa na dawa zilizotolewa. Macho yake yaone, mdomo wake utulie. Hotuba haina nafasi pale. Kwa mgonjwa wa njano, mwanafunzi aanze yeye kumwona, mwalimu akiwa karibu, kisha atoe taarifa yake kabla dawa haijaandikwa. Kwa mgonjwa wa kijani, apewe nafasi ya kuuliza na kupima kwa utulivu, mradi mwalimu amhakiki kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Tukifanya hivyo, mgonjwa mahututi hacheleweshwi kwa sababu ya somo, na mwanafunzi naye hamalizi zamu yake akiwa amesimama ukutani kama mgeni msibani.

HATUA TANO ZISEMWE KWA SAUTI

Katika chumba chenye kelele, watu husahau. Mmoja hukimbilia mfupa uliovunjika mguuni kwa sababu ndio unaoonekana, wakati mgonjwa anakosa hewa. Kwa ajili hiyo kuna utaratibu wa hatua tano ambao kila mhudumu anapaswa kuukariri. Kwanza, njia ya hewa: je, iko wazi? Pili, kupumua: je, hewa inaingia na kutoka vizuri? Tatu, mzunguko wa damu: je, mapigo yakoje, na kuna mahali panapovuja damu? Nne, fahamu: je, anaitika, na sukari yake ya damu ni ngapi? Tano, kumfunua na kumkagua mwili mzima, mbele na nyuma, kisha kumfunika asipate baridi.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa kozi fupi ya huduma za msingi za dharura iliyojengwa juu ya hatua hizo. Kabla ya hapo kozi hiyo ilijaribiwa katika nchi za Tanzania, Uganda na Zambia. Uzuri wake ni kwamba daktari, tabibu na muuguzi hukaa pamoja wakajifunza lugha moja.

Nami naongeza jambo dogo lisilohitaji fedha: hatua hizo zisemwe kwa sauti. Daktari mzoefu akiwa anamhudumia mgonjwa aseme, "Njia ya hewa iko wazi. Anapumua haraka, pande zote mbili za kifua zinapanda. Mapigo ni dhaifu, mikono ni ya baridi." Kazi haipungui mwendo hata kidogo, na wanafunzi watatu waliopo wanasikia jinsi mkubwa wao anavyofikiri. Wengi wetu tulilelewa na wakubwa walionyamaza, tukabaki kubahatisha kilichokuwa mioyoni mwao. Kumbe fikra iliyosemwa ni somo tosha.

MASWALI MATANO KATIKA DAKIKA CHACHE

Mwaka 1992, walimu wa tiba ya familia nchini Marekani waliandika njia fupi ya kumfundisha mwanafunzi mahali penye kazi nyingi. Ina hatua tano, na mtu akiizoea humaliza kwa dakika chache tu. Nieleze kwa mfano wa mtoto wa miaka mitatu aliyeletwa na homa na degedege, ambayo imekwisha kutulia lakini bado hajazinduka vizuri.

Hatua ya kwanza, mwalimu anamtaka mwanafunzi aseme anachodhani. "Wewe unafikiri ni nini?" Mwanafunzi anajibu, "Malaria kali." Mwalimu hamkatizi, wala hampi jibu lake.

Hatua ya pili, anamwuliza sababu. "Umeona nini hata ukasema hivyo? Na kingine kinaweza kuwa nini?" Hapa mwalimu anagundua kama kijana amefikiri au amekisia. Labda anataja homa na kipimo cha haraka cha malaria, lakini hakutaja shingo kukakamaa, wala hakupima sukari.

Hatua ya tatu, mwalimu anafundisha kanuni moja tu. "Kila mtoto mwenye degedege au asiye na fahamu kamili hupimwa sukari pale pale, hata kama malaria imeonekana. Sukari ikishuka sana, ubongo huumia upesi, na mtoto huyo hawezi kutuambia." Hiyo moja inatosha. Akimwaga kanuni kumi, mwanafunzi ataondoka bila hata moja.

Hatua ya nne, anamwambia alichofanya vizuri, tena kwa kukitaja. Asiseme tu, "Umejitahidi." Aseme, "Ulimlaza kwa ubavu kabla ya kuanza kuuliza maswali. Fanya hivyo kila mara."

Hatua ya tano, anamsahihisha. "Leo sukari ilisahaulika. Kesho ianze yenyewe, kabla hujaandika chochote."

Kipimo cha sukari hutoa jibu chini ya dakika moja. Mafundisho hayo yote hayachukui muda mrefu kuliko kumtafuta ndugu wa mgonjwa aliyekwenda dirishani kulipia kadi. Lakini kijana huyo, akipangiwa kesho kutwa katika kituo cha afya cha mbali, ataibeba kanuni ile, na watoto wa kule watafaidika na hizo dakika chache.

MIKONO IFUNZWE KABLA YA KUMGUSA MGONJWA

Familia nyingi huumia zaidi zinapomwona mtoto wao akichomwa sindano mara nne na mtu anayetafuta mshipa. Hapo nasimama upande wa familia. Mgonjwa si mahali pa kuanzia.

Rodney Peyton, daktari mpasuaji wa Uingereza, aliandika mwaka 1998 juu ya hatua nne za kufundisha kazi ya mikono. Mwalimu kwanza anaifanya kazi yote kwa mwendo wake wa kawaida, bila maneno. Kisha anairudia polepole akieleza kila hatua. Mara ya tatu mwanafunzi ndiye anayetaja hatua, na mwalimu anazifuata. Mara ya nne mwanafunzi anaifanya mwenyewe huku akieleza. Yote hayo yafanyike juu ya mkono wa plastiki au mdoli wa mafunzo, katika saa ya alasiri ambapo foleni imepungua. Hospitali isiyo na vifaa hivyo inaweza kubuni vyake. Muuguzi mwenye ari hakosi mpira mwembamba wa dripu iliyokwisha tumika kwa maji tu, akautia rangi nyekundu ndani na kuufunika kwa kitambaa, ukawa mshipa wa kujifunzia.

Mwanafunzi akishahitimu hapo, amwendee mgonjwa akiwa na msimamizi kando yake. Kanuni ninayoipenda ni ya majaribio mawili. Akishindwa mara mbili, ampishe mkubwa bila kuambiwa na bila kuona haya. Na kwa mtoto aliyeishiwa maji au mgonjwa wa kundi jekundu, mwenye mkono mzoefu ndiye aanze.

AIBU HUFICHA UJINGA

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Katika vyumba vya dharura mafunzo hayaharibiwi na haraka peke yake. Yanaharibiwa pia na ukali. Wapo wakubwa ambao humkaripia mwanafunzi mbele ya mgonjwa na ndugu zake, wakimwita mjinga na kumwuliza ni nani aliyempitisha mtihani. Hudhani wanamkomaza. Mimi naona wanamfundisha somo moja tu, nalo ni kuficha.

Kijana aliyeaibishwa mara mbili hatauliza mara ya tatu. Ataandika kipimo cha dawa alichokikisia. Ataona mgonjwa anabadilika saa tisa za usiku, naye ataogopa kumwamsha mkubwa wake hadi kupambazuke. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Katika chumba cha dharura hasara inazidi hapo, kwa kuwa anayelipa ni mgonjwa.

Kwa hiyo neno "sijui" lipewe heshima. Mkubwa naye alitamke pale asipojua, kisha afungue kitabu au apige simu mbele ya wanafunzi wake. Na baada ya tukio zito, kwa mfano mgonjwa aliyefariki au ajali ya basi, wote waliohudumu wakae dakika tano kabla ya kutawanyika. Wajiulize maswali matatu: nini kilikwenda vizuri, nini kilitukwamisha, na wakati mwingine tufanyeje? Asitafutwe wa kulaumiwa. Aidha, aulizwe kila mmoja kama anajisikia vizuri, maana vijana wengi huona kifo kwa mara ya kwanza pale, na hatupaswi kuwaacha waende bweni na mzigo huo peke yao.

Kusema hivi si kutetea uzembe. Mwanafunzi asiyefika zamu, au anayedanganya kwamba amepima presha kumbe hakupima, anastahili adhabu. Lakini kutokujua ndiko kulikomleta shuleni.

MUUGUZI NAYE NI MWALIMU

Madaktari huhamishwa kutoka wodi hadi wodi, wanafunzi hukaa wiki chache. Muuguzi ndiye anayebaki. Anajua oksijeni iko wapi, anamtambua mgonjwa anayezidiwa kabla ya mashine kulia, na ndiye anayeshinda na mgonjwa zamu nzima. Basi naye afundishe, tena madaktari vijana wakiwemo, na hao wakubali kufundishwa naye. Wakati wa kupokezana zamu, baada ya taarifa ya wagonjwa, mtu mmoja aseme jambo moja alilojifunza siku hiyo. Ni dakika mbili tu. Zikihesabiwa kwa mwaka mzima ni kitabu kizima.

NAFASI YENU NINYI FAMILIA

Ndugu zangu wa parokia, ninyi pia mna sehemu yenu, na mna haki zenu.

Mna haki ya kuambiwa anayewahudumia ni nani. Mwanafunzi ajitambulishe kwa jina, aseme kwamba anasoma, na amtaje msimamizi wake. Asipofanya hivyo, mwulizeni kwa upole. Mna haki ya kuomba msimamizi amwangalie mgonjwa. Mna haki pia ya kukataa mwanafunzi asimguse mgonjwa wenu, hasa katika mambo ya siri ya mwili, na kukataa huko kusiwapunguzie huduma. Pazia lifungwe, wala wasisongamane watu kumi kumtazama mama mmoja.

Pamoja na hayo, nawaomba msikatae kwa sababu tu ni mwanafunzi. Yeye ana kitu ambacho daktari mwenye wagonjwa thelathini hana, nacho ni muda. Msichoke kumsimulia habari za mgonjwa mara ya pili. Kuna mgonjwa anayeletwa akitoka mate mengi na jasho, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, na nyumbani wanadhani amepatwa na kifafa. Mwanafunzi asiye na haraka anauliza, "Leo asubuhi alikuwa wapi?" na mke anajibu kwamba alikuwa akipulizia dawa ya wadudu shambani. Hapo dalili zote zinapata maana: ni sumu ile, na tiba yake inajulikana. Jibu kama hilo halitoki kwenye mashine. Linatoka kwa aliyeketi akasikiliza.

Na mwanafunzi akifanya vizuri, mwambieni. Akikosea adabu, mwambieni msimamizi wake. Maneno ya mgonjwa mwenyewe hukaa moyoni mwa kijana kuliko maneno yetu walimu.

OMBI KWA WAKUU WA HOSPITALI

Namalizia kwa wale wanaopanga zamu. Kila zamu iwe na mtu mmoja aliyetajwa kwa jina ubaoni kuwa ndiye mwalimu wa siku, na apunguziwe wagonjwa ili aweze kufundisha. Mwanafunzi asiachwe peke yake usiku, hata kama watumishi ni wachache kiasi gani. Simu ya mkubwa wa zamu iandikwe ukutani kwa tarakimu kubwa, na ijulikane kwamba anayepiga hatagombezwa. Haya hayahitaji mfadhili wala jengo jipya.

Samaki mkunje angali mbichi. Vijana hawa wamo mikononi mwetu kwa miezi michache, kisha watatawanyika katika zahanati na vituo vya afya, mahali ambapo hakutakuwa na wa kumwuliza. Watakachokuwa wamejifunza kwetu ndicho watakachowatendea watu wa kule, wakiwemo watoto wetu na wajukuu wetu.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumzia namna ya kumsaidia mtu aliyeungua moto kabla hajafikishwa hospitali. Hadi hapo, nawatakia afya njema.